Santuri Iliyoanikwa Juani

Mume wangu aliporudishwa nyumbani kutoka hospitali, daktari alinivuta pembeni akaniambia ini limekwisha, nimpe tu kile roho yake inapenda. Nikamwuliza mgonjwa mwenyewe roho yake inapenda nini. Nilidhani atasema mtori, au nyama ya kondoo aliyokatazwa. Akasema anataka kumsikia mama yake.

"Mama yako alikufa ukiwa na miaka minne," nikamwambia. Mimi ndivyo nilivyo, neno likinijia haliombi ruhusa.

"Najua," akasema. "Nataka kumsikia kwenye santuri. Kabla sijaenda."

Hapo nikakaa kitako, maana santuri hiyo niliijua tangu siku ananioa, na nilijua kwamba hakuna mashine duniani iliyowahi kuiliza.

Ilikuwa santuri ndogo, wimbo mmoja kila upande. Kwaya ya usharika wao, kule juu ya Kikatiti, ilipelekwa Nairobi kurekodi wakati mume wangu bado anabebwa mgongoni. Mama yake alikuwa mwanakwaya. Wimbo wao ulikuwa upande mmoja, upande wa pili ulikuwa wa kwaya nyingine. Wakarudi na santuri chache, familia yao ikapata moja. Haikupita miaka mingi mama akafa kwa uzazi, na kichanga chake naye akafa. Picha yake iko moja tu, amekaza uso kama watu wa zamani walivyokuwa wanapigwa picha. Sauti yake haipo popote pengine. Tuliuliza kila nyumba ya mwanakwaya wa zamani kuanzia Kikatiti mpaka Makumira. Nakala nyingine zilivunjika, zilipotea, moja ilikutwa inafunika ndoo ya pombe, imetobolewa kwa msumari.

Sasa kilichoiharibu hii yetu ndicho hiki. Kwetu huku, mtu akishazikwa, siku ya kuanua matanga vitu vyake vyote hutolewa nje vikaanikwa juani kabla ndugu hawajagawana. Godoro, mablanketi, kanga, viatu, hata mwiko. Jua lipite kila mahali alipogusa marehemu. Kazi hiyo ni ya mawifi. Aliyeifanya siku ile ni shangazi wa mume wangu, dada wa baba yake, wakati huo msichana ambaye hata hajaolewa. Naye alikuwa mwanakwaya, amesimama bega kwa bega na marehemu kule Nairobi. Kwa mapenzi yote akaitoa santuri kwenye ganda lake, akailaza juu ya bati la banda la mbuzi, katikati ya viatu na kanga. Nani angemwambia kwamba santuri si blanketi? Jioni alipoianua ilikuwa imejikunja kama chapati iliyopoa. Walipoipeleka kwa mchungaji mwenye gramafoni, sindano ikaruka mzunguko wa kwanza, ikaruka wa pili, mchungaji akaizima kwa huruma.

Shangazi hakuitupa. Aliibana katikati ya Biblia na kitabu cha nyimbo, akaiweka chini ya godoro, akaanza kuilalia ili inyooke. Aliolewa nayo. Alifiwa na mume akarudi nayo. Miaka yote hiyo analalia santuri ya wifi yake! Ilinyooka kidogo tu, ikabaki na mawimbi mawili makubwa, na siku ya harusi yetu akatukabidhi kama zawadi, huku analia.

Mashine iliingia nyumbani baadaye sana. Mume wangu alikuwa dereva wa watalii, na kazi yake ilikuwa masikio. Anazima gari porini, anawaambia wageni nyamazeni, kisha anawataja ndege mmoja mmoja bila kuwaona, huyu yuko kwenye mgunga, yule wa nyuma yake ni jike. Wageni walidhani anawadanganya mpaka walipomwona ndege mwenyewe anatokeza. Mzungu mmoja mzee aliyeishi karibu na Usa River alikuwa akirudi kwao, akawa anauza vitu, na mume wangu akaenda kutazama meza za kulia chakula. Akarudi na mashine ya santuri. Meza ya kulia sina mpaka leo. Nikaipachika jina la mke mwenza.

Kilichomponza ni mkono wa mashine ile. Mashine za kawaida zina mkono ulioshikwa mwisho mmoja, unageuka kama mlango kwenye bawaba. Huu haukushikwa na kitu. Kulikuwa na fimbo ya chuma iliyong'arishwa, imelazwa juu ya sahani inayozungusha santuri. Kwenye fimbo kumevishwa kibomba. Na kwenye kibomba umefungwa mkono wenye sindano. Ukiwasha pampu, hewa inatokea kwenye vitundu vidogo ndani ya kibomba, kinanyanyuka, hakigusi chuma tena. Kinaelea. Ukikipulizia tu kinakwenda. Sindano ikishaingia kwenye mfereji wa santuri inauvuta mkono wote polepole, umenyooka, mpaka mwisho wa wimbo. Yule mzee akamwambia mume wangu kwamba mkono wa hewa hauilazimishi santuri. Neno hilo alilimeza zima zima. Akaamini amepata kitakachopanda na kushuka yale mawimbi mawili.

Haukupanda wala haukushuka. Uliruka vibaya kuliko wa mchungaji. Naye kila akipata likizo anaufungua, anaongeza kipande cha risasi hapa, nati kule, mpaka mkono ukawa umejaa vyuma. Pampu ikafa. Kisha akaanza kuumwa, na mke mwenza akafunikwa kitambaa.

Mimi ni fundi wa meno ya bandia. Karakana yangu iko uani, hapa hapa Kimandolu, chumba kimoja chenye kompresa, plasta, nta na moto mdogo. Nachonga kitu kigumu kikae juu ya fizi bila kuiumiza, na mteja akirudi akisema kinauma sibishani naye, natafuta ni wapi. Kwa hiyo aliposema anataka kumsikia mama yake, nilimwuliza swali moja tu, kama ananiruhusu kuugusa mkono wa mashine yake.

 "Usiongeze hasira humo ndani," akasema.

Nikakihamishia kitanda chake sebuleni ili aone, na kabla hata sijashika bisibisi tukaanza kugombana.

"Ongeza uzito," akasema. "Sindano inaruka kwa sababu haijakandamizwa."

"Inaruka kwa sababu mkono wako ni mzito. Wimbi linaurusha juu, na kitu kizito kikisharushwa hakitulii upesi. Mwepesi ungefuata wimbi. Hivi vyuma vyote ni vya nini, unajenga daraja?"

"Wewe ni fundi wa meno."

"Na wewe ni dereva wa watalii. Tumekutana!"

Akacheka mpaka akashika ubavu, na kicheko kikageuka kuwa maumivu, nami nikakimbilia dawa. Alipotulia akafumba macho akasema, haya, punguza.

Nikapunguza. Nilitoa vyuma vyake vyote. Kisha nikautoa na mkono wenyewe, uliokuwa wa bati nene, nikatengeneza mwingine. Nilijaribu plastiki tunayotumia kwa meno, ikatikisika. Mwishowe nilikwenda kwa akina mama wanaouza matenga barabarani, nikanunua tenga zima kwa sababu ya ufito mmoja wa mwanzi mkavu ulionipendeza. Nikauchonga kwa kisu cha kazi mpaka ukawa mwembamba kama njiti ya kibiriti na bado haupindi. Nikaufanya mfupi kuliko ule wa kwanza. Uzito wa nyuma nikauleta karibu kabisa na kibomba, kidonge kidogo cha risasi, si kingine.

Kila nilipoupunguza mkono ule, naye alipungua. Lazima niliseme, maana lilikuwa linanitia wazimu. Asubuhi napima ufito kwenye mizani, mchana namgeuza mume wangu kitandani, na mikono yangu inajua wote wawili wamepungua. Nilikuwa naingia karakana, nawasha kompresa ili ipige kelele, nalia humo.

Hewa nayo ilikuwa na visa vyake. Kompresa yangu inasukuma hewa kwa vishindo, na kila kishindo kiliufikia mkono ukatetemeka. Nikaipitisha kwanza kwenye mtungi mtupu wa kuzimia moto, ikatulia humo ndani, ikatoka laini. Mpira mrefu ukavuka ua ukaingia dirishani, kompresa ikabaki karakana na makelele yake. Ilikuwa masika, hewa imejaa maji, nikaweka pamba njiani inyonye unyevu. Vitundu vya kibomba vilikuwa vimezibwa na lile vumbi letu laini la Meru linaloingia hata kwenye sukari. Nikavizibua kimoja kimoja kwa sindano ya kusafishia mzizi wa jino. Nilipowasha, kibomba kikanyanyuka, nikakigusa kwa unyoya wa kuku, kikaenda mpaka mwisho wa fimbo bila sauti yoyote. Mume wangu akapiga makofi kitandani.

Halafu kikaanza kutembea chenyewe. Ukikiachia katikati, kinakwenda polepole kuelekea mlangoni. Kitu kisichogusa chochote kinajua nyumba imeinamia wapi kuliko pimamaji. Nikaweka karatasi ya nta chini ya mguu mmoja wa meza ndogo iliyobeba mashine, kikageukia dirishani. Nikaikwangua nta, kikasimama. Nikashangilia. Asubuhi kinatembea tena! Miguu ya meza ilikuwa ya mbao, na mbao zilikuwa zinavimba kwa mvua. Nilitukana meza ile matusi ambayo mume wangu aliniomba nisiyarudie mbele ya mchungaji. Nikaitoa nje, nikamwaga msingi wa plasta juu ya sakafu, ile ngumu tunayomwagia mifano ya taya, nikaiweka mashine juu yake. Hapo ndipo kibomba kilipokubali kukaa nilipokiweka, asubuhi na jioni.

"Sasa," mume wangu akasema. "Ilete."

"Siileti."

"Ni ya mama yangu."

"Ndiyo maana siileti. Sindano ikiruka inaumiza mifereji. Ikiruka mara nyingi, hicho unachotaka kusikia kitakuwa kimefutika. Kwanza tujaribu na nyingine."

Sijawahi kumpa mteja meno bila kuyajaribu kwenye plasta. Nilikuwa nimenunua mtumbani santuri isiyo na ganda, ya ukubwa ule ule. Lakini ilikuwa imenyooka, itanifundisha nini? Nilitaka iliyopinda vile vile. Basi kulipotoka jua nikafanya alichofanya shangazi. Nikaipandisha juu ya bati la karakana, nikaiacha iive.

Hilo ndilo kosa langu, sikufikiria nani anaweza kuja.

Shangazi alikuwa bibi sasa, amekonda, anatembea haraka. Masikio yake yalikuwa yameshakufa. Ukitaka akusikie unaweka mdomo kwenye sikio lake unapiga kelele, na hapo anapata nusu. Alikuja bila taarifa, kama kawaida ya wenye nyumba, ana mkungu wa ndizi kichwani na maziwa mkononi. Nilikuwa ndani. Nilichosikia ni yowe, lile la msiba, nikajua mtu amekufa.

Nikatoka mbio. Mkungu uko chini, maziwa yamemwagika, na bibi wa watu amepanda juu ya ndoo anajaribu kulifikia bati. "Itoeni! Itoeni! Mnaianika tena! Jamani, mnaianika tena!"

"Siyo yenyewe, shangazi! Ni nyingine!"

Atasikia wapi? Nikamshika kiuno nimshushe, akanipiga ngumi ya bega. Nikamwachia nikakimbia chumbani, nikafungua kabati, nikaleta santuri ya kweli ndani ya ganda lake, nikamwekea mikononi. Akaitoa, akaizungusha, akapapasa yale mawimbi mawili kwa kidole. Alivijua vilima vile kwa mgongo wake. Hapo akakaa chini, kwenye maziwa, akaanza kusema. Nadhani hakujua anasema kwa sauti kubwa kiasi gani, mtaa mzima ulisikia.

"Mtoto aliachiwa sauti ya mama yake," akasema. "Hakuachiwa shamba, hakuachiwa ng'ombe. Aliachiwa hii. Nami nikaianika kama mahindi. Nitamwambia nini mama yake? Nakaribia kwenda, nitamwambia nini?"

Mume wangu alikuwa hajainuka kitandani siku nyingi bila kushikwa. Nikageuka, nikamwona mlangoni, ameshika fremu, miguu inatetemeka. Nilitaka kupiga kelele arudi ndani. Akanyoosha kiganja kuniambia nyamaza, akaja anaburuza kanda mbili, akakaa chini kando ya shangazi yake.  Alimpangusa maziwa kwenye miguu kwa ncha ya shuka lake. 

Shangazi hakurudi Kikatiti. Alilala chumba cha watoto wetu, ambao wameshahamia kwao, na tangu siku hiyo nikawa natengeneza mashine kwa ajili ya watu wawili. Mmoja alitaka kusikia. Mwingine alitaka tu kuambiwa kwamba mwenzake amesikia.

Santuri ya mazoezi ilipinda vizuri, hata kuzidi. Siku ya kwanza sindano ilirushwa kwenye wimbi la kwanza. Nikapunguza ufito. Ikavuka wimbi la kwanza ikaanguka kwenye la pili. Nikasogeza kidonge cha nyuma upana wa ukucha. Ikavuka yote mawili lakini inapovuka inakwaruza. Nikashusha fimbo kidogo, sindano ikasimama wima zaidi. Mume wangu alikuwa anasikiliza macho amefumba, ananiongoza. Hapo inaegemea kulia, akasema, mimi sisikii kitu, nikisogeza anasema sasa sawa. Masikio yale yalikuwa hayajaumwa hata kidogo. Mwili wote ulikuwa umekwisha, yenyewe mazima. Shangazi alikaa kwenye kigoda mbele yetu, anatazama sindano inavyopanda na kushuka, anasali midomo inacheza.

Kuna jioni mume wangu aliniita fundi. "Fundi," akasema, "ukichelewa sana sitakulaumu." Nikamjibu vibaya. Nikamwambia asinitishe, kwani mimi ndiye niliyempa ini bovu? Akacheka tu. Nilikwenda jikoni nikasimama mbele ya jiko lisilo na kitu juu yake.

Kipupwe kilipoingia, baridi ya asubuhi ikashuka kutoka mlimani, mahindi yakaanza kukauka mashambani, na siku moja santuri ya mazoezi ikalia kutoka mwanzo hadi mwisho. Ilikuwa rumba fulani ya kizamani. Tukairudia. Ikalia tena. Tukairudia asubuhi iliyofuata, baada ya malori kupita na kutikisa nyumba, ikalia. Mume wangu wakati huo alikuwa anakunywa maji kwa kijiko.

"Jumapili," nikasema. "Tukitoka kanisani." Yaani mimi na shangazi, yeye alikuwa haendi popote.

Jumapili ile nilimwosha, nikamvalisha shati jeupe kwa sababu aliomba. Shangazi akavaa kitenge chake cha kwaya. Nikafunga milango majirani wasije na pole zao katikati. Nikawasha kompresa, nikasubiri mtungi ujae, nikauachia mkono katikati ya fimbo. Ukatulia. Nikaitoa santuri kwenye ganda, nikaifuta, nikaiweka. Ilipoanza kuzunguka yale mawimbi yakapita mbele ya macho yetu juu chini, juu chini, nami nikashusha sindano.

Kwanza ulikuja ukwaruzo. Mkono wa mwanzi ukapanda wimbi, ukashuka, ukapanda, haukuruka. Kisha akina mama wakaimba.

Mungu wangu. Nilikuwa nategemea kitu cha mbali, cha kuhangaikia. Wakaingia sebuleni. Unasikia wanavyovuta pumzi kwa pamoja. Unasikia akina baba wa sauti ya nne wakinguruma nyuma. Nikasema moyoni, tumempata, jamani, tumempata kabla hajaondoka. Wimbo ukaisha, sindano ikafika katikati, nikaiinua. Mume wangu alikuwa amefumba macho, machozi yanaingia masikioni.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Alikuwa amekunja uso, anasikiliza kama nilivyomwona porini, kichwa ameinamisha upande mmoja. Ulipoisha akafumbua macho.

"Ni yupi?" akaniuliza.

"Yupi nini?"

"Mama. Ni yupi kati yao?"

Sikuwa nimewahi kumwona mwanamke yule, nimeolewa yeye yuko kaburini miaka mingi. Tukageuka wote wawili tukamtazama shangazi. Aliyekuwa amesimama naye. Mtu pekee aliye hai anayeijua sauti ile, na ameketi kwenye kigoda, anatutazama midomo, hajasikia hata ukwaruzo.

Nikamwendea, nikaweka mdomo sikioni. "Mama yake alikuwa anaimba sauti gani?"

"Ya pili!" akajibu kwa furaha. "Mimi na yeye, ya pili!"

Nikairudisha sindano mwanzo. Mume wangu akaitafuta sauti ya pili, nami nikaitafuta. Ilikuwepo, wazi kabisa, chini ya ile ya kwanza, akina mama wengi wakiimba kitu kimoja. Nilisikiliza mmoja atokeze, avute neno, akohoe, afanye chochote. Hakuna.

Shangazi alidhani tunataka habari zaidi, akaanza kutusimulia, sauti juu, wakati wimbo unaendelea. "Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa mkali! Mnaimba, anapita mbele ya kila mtu ameinamisha sikio. Akikusikia wewe peke yako, unatoka nje. Alisema kwaya ni mtu mmoja. Mimi nilitolewa nje mara nyingi, nilikuwa nachomoza." Akacheka, akapangusa macho. "Mama yako hakutolewa hata siku moja. Hata siku moja! Mwalimu alimsifu, alisema huyu ndiye anayejua kuimba, ukimtafuta humwoni."

Wimbo ukaisha. Niliinua sindano, nikaiacha santuri izunguke bure. Mume wangu alikuwa anatazama dari.

"Nilidhani nitamjua," akaniambia, kwa sauti ndogo, ya kwetu wawili. "Nilidhani akifungua mdomo tu, nitamjua."

 Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikamshika mguu juu ya blanketi. Nilitaka kumwambia tutairudia, tutaurekebisha mkono zaidi, lakini mkono haukuwa na kosa lolote. Tulikuwa tumesikia kila kilichokuwa mle.

Shangazi alikuwa ameacha kuongea. Alikuwa anausoma uso wa mtoto wa kaka yake, na nadhani aliona machozi tu, hakujua ni ya nini. Akasimama, akaja mpaka kitandani, amebana kitenge kifuani kwa mikono miwili.

"Umemsikia?" akapiga kelele. "Mwanangu, umemsikia mama yako?"

Mume wangu akajaribu kujiinua. Nikamsaidia mgongo. Akamvuta shangazi shingoni mpaka sikio lake likafika mdomoni pake, akakusanya pumzi zote alizobakiwa nazo.

"Nimemsikia," akasema.

"Eeh?"

"Nimemsikia, shangazi! Ana sauti nzuri!"

Shangazi akaanguka kwa magoti akimshukuru Mungu kwa Kimeru, akilia na kucheka, akiubusu mkono wa mume wangu juu na chini, na yeye akamwachia mkono huo huku ananitazama mimi, nisiseme kitu.